Tanuri Juu ya Mpaka

Wifi yangu Mwantum alioka mikate kwa miaka tisa juu ya mpaka wa watu wawili, na hakujua. Mimi pia sikujua, na kusema kweli sikutaka kujua, maana nilikuwa nalala katika chumba kizuri.

Nimweleze kwanza yeye mwenyewe. Mwantum ni mfupi, mpana, mikono yake ina alama za moto mpaka viwikoni, na mdomo wake haujapata kupumzika tangu nimfahamu. Tanuri lake liko uani kwetu, avenyu ya tano, mtaa wa Bwiza, Bujumbura. Mafundi wa magari kutoka Buyenzi hupita kununua mikate, wanawake wa Kongo wanaouza vitenge hupita, askari hupita, na kila anayepita huacha habari yake pale na kuondoka na ya mwenzake. Mtu akitaka kujua nani kamwacha nani, au bei ya sukari itapanda lini, haendi kusikiliza redio. Anakwenda kwa Mwantum na anarudi na mikate miwili.

Aliolewa na kaka yangu Abdu, fundi wa magari. Sisi ni watu wa Bujumbura tangu mji ulipokuwa unaitwa Usumbura. Babu yetu alikuja kutoka Ujiji akibeba mizigo ya Wadachi, yaani Wajerumani, akaoa, akakaa. Halafu Wazungu wakapigana huko kwao, wakachoka, wakaketi mezani kupatana, na katika kupatana kwao wakaamua huku kuwe kwa Wabelgiji na Ujiji kuwe kwa Waingereza. Babu alikuwa anasema aliwekwa nchi nyingine akiwa amekaa kwenye jamvi lake, hata kikombe cha kahawa hakijapoa. Ndugu yake, ambaye walinyonya ziwa moja, akawa mgeni. Ukoo wetu umekuwa na mashaka na mikutano ya amani tangu siku hiyo.

Kwa hiyo vita ya 1993 ilipokuja na mji ukaanza kukatwa vipande, Wahutu wa Kamenge huko, Watutsi wa Ngagara huku, sisi Waswahili tulisema ni yale yale, ila sasa mpaka unapita kwenye kona ya duka. Bwiza ilikuwa bado imechanganyika. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Sylvère, seremala, Mhutu, mtu mpole wa maneno machache. Mke wake aliitwa Dorothée na binti yao Irène. Kati ya ua wetu na wao kulikuwa na ukuta wa matofali ya kuchoma, mrefu kidogo kuliko Mwantum, na juu ya ukuta huo wanawake wawili walipitishiana chumvi, makaa, na maneno.

Machi 1995 zamu ya Bwiza kufukuzwa Wahutu ikafika. Siku mbili za risasi na mayowe. Sitasimulia, wanaojua wanajua. Siku ya tatu alasiri Abdu akaingia nyumbani jasho linamtoka, akaketi, akatoa karatasi mfukoni.

"Nimenunua nyumba ya Baba Irène," akasema.

"Umenunua na nini?" Mwantum akauliza.

"Na pesa. We unafikiri watu wananunua na nini?"

Sylvère na watu wake walikuwa wamekwisha kuondoka, wamelala chini ya turubai katika pikapu ya mteja wa Abdu, ambayo Abdu mwenyewe aliiendesha mpaka karibu na mpaka wa Zaire. Karatasi ilikuwa na sahihi ya muuzaji, ya mnunuzi, na vidole vya mashahidi wawili. Kesho yake Abdu akachukua nyundo akabomoa ukuta wote, viwanja viwili vikawa kimoja. Wiki haikuisha, vijana wenye visu walikuja kuuliza nyumba ile ya nani. Akawaonyesha karatasi, akawaonyesha ua usio na ukuta, akawaonyesha na nguo za watoto wetu zimeanikwa kwenye kamba ya Dorothée. Wakaondoka wamenuna.

Matofali ya ukuta yakabaki rundo katikati ya ua. Mwantum si mtu wa kuangalia rundo. Akamwita fundi, akajengewa tanuri pale pale matofali yalipokuwa. Mimi, ambaye nilikuwa nimeachika nikarudi kwa kaka yangu na mabegi mawili, nikapewa chumba cha mbele katika nyumba ya Sylvère, chenye baraza na dirisha la mbao lililochongwa maua. Nilikipenda kile chumba kuliko nilivyompenda yule mume.

Tuliishi hivyo. Vikwazo vya nchi jirani vilipokuja, unga wa ngano ukapotea, Mwantum akachanganya na wa muhogo, watu wakalaumu na wakala. Mwaka 1999 Abdu alianguka gereji, akiwa ameshika spana, na kabla hatujafika hospitali alikuwa ameshakwenda. Shinikizo la damu, walisema. Hakupata nafasi ya kuusia hata kijiko.

Mwaka uliofuata wakubwa wakaweka sahihi Arusha. Pale tanurini watu walibishana mkataba wote, kifungu kwa kifungu, kama wamekuwamo chumbani: viti vingapi vya hawa, viti vingapi vya wale, jeshi nusu kwa nusu. Mwantum alikuwa anakanda unga tu. Siku redio iliposoma ile sehemu ya wakimbizi, kwamba atakayerudi arudishiwe mali yake, alisema ni jambo jema, na akamuuliza mteja kama anataka mikate ya moto au ya jana. Haikumpitia kichwani kwamba maneno yale yalikuwa yanazihusu kuta za nyumba yake. Risasi hata hivyo ziliendelea miaka mingine mitatu, mpaka wale waliokuwa msituni nao wakakubali kushuka.

Mwaka 2004, Jumanne moja asubuhi, Sylvère akasimama kwenye foleni ya mikate.

Nilimwona mimi kwanza, kutoka barazani kwangu. Nasema kwangu. Alikuwa amekonda, nywele zote mvi, amevaa koti la mtu mnene kuliko yeye. Alikuwa anaangalia dirisha langu lenye maua.

"Mama Soumaya, nipatie mikate mbili," akasema zamu yake ilipofika. Soumaya ni binti wa kwanza wa Mwantum.

Mwantum akainua uso. "Baba Irène? Ni we kweli?"

"Ni mi. Ni uzee tu umenibadilisha."

"Na Dorothée?"

"Zaire nako vita ilitufukuza, tukavuka ziwa mpaka Tanzania. Dorothée tulimuzika kule Mtabila, kwenye kambi. Irène iko. Amekuwa mutu mukubwa."

Mwantum alilia pale pale mbele ya wateja, akamwombea Dorothée, akamvutia kigoda, akampa chai. Walizungumza kuhusu Kasulu, kuhusu mahema, kuhusu kifo cha Abdu, ambacho Sylvère alikuwa amekwisha kukisikia. Kisha wifi yangu, kwa moyo safi kabisa, akasema, "Na ile nyumba yenye Abdu alinunua kwako, tuliichunga vizuri. Mabati tulibadilisha. Uingie uone."

Sylvère alimtazama muda mrefu. Nami nilimtazama yeye, na nikaona kitu kimepita usoni mwake na kikafichwa. Akanywa chai.

"Ndiyo," akasema. "Abdu alinunua. Karatasi iko."

Akasimama, akashukuru, akasema amefikia kwa binamu yake Kamenge, na akaenda zake bila kuingia kuona. Mimi nikashusha pumzi. Mwantum alibaki ameshika koleo la tanuri, mkate mmoja ukaungua, jambo ambalo halijapata kutokea.

Siku mbili hakusema kitu, na Mwantum asiyesema ni kama mbwa asiyebweka, unajua kuna jambo. Siku ya tatu akaniambia nilete kopo la karatasi za marehemu. Yeye hajui kusoma, kwa hiyo nikaisoma karatasi ya nyumba kwa sauti, mara mbili. Haikuwa na kasoro. Shahidi mmoja alikuwa amekufa, wa pili alikwenda Uvira na hakusikika tena, lakini vidole vyao vilikuwa pale, vya wino wa zambarau.

"Unaona," nikamwambia. "Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo."

"Houda," akasema, "pilau ya hii nyumba nilipika siku gani?"

"Pilau gani?"

"Ya dua."

Kwetu sisi mtu akinunua kiwanja, karatasi ni kitu cha baadaye. Kwanza anaita majirani, shehe anasoma dua uani, watu wanakula pilau, na waliokula ndio mashahidi. Kesho ukimuuliza yeyote kiwanja ni cha nani, atakujibu kwa tumbo lake. Na Abdu alikuwa mtu wa dua kupita kiasi. Aliponunua kompresa ya kujazia matairi upepo, kompresa tu, alichinja kuku wawili akaita watu saba.

"Ilikuwa vita, wifi," nikasema. "Nani angekula pilau?"

"Hivyo ndivyo aliniambia nilipomuuliza. Lakini Idi ya kuchinja, wiki saba baada ya pale, aliita watu makumi tatu. Vita ilikuwa ile ile. Nilipika sufuria mbili na mukono unaniuma." Akaikunja karatasi. "Kudanganya wale vijana na karatasi, angeweza. Kuita shehe asomee uongo dua, Abdu hawezi. Hakununua."

Sasa niseme ukweli wangu, maana nimezeeka na sina wa kumwogopa. Nilikasirika. Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia nyumba ina wapangaji wawili nyuma na mimi mbele, kwamba bila ile kodi na bila ule ua yeye na binti zake watakula nini, kwamba mwenye mali mwenyewe amesema kwa mdomo wake aliuza, tena mbele ya foleni nzima. Kama muuzaji anasema kauza, sisi ni nani wa kumbishia?

"Anamusitiri mume wangu," Mwantum akasema. "Ameona sijui. Hakutaka kumuita Abdu muongo mbele yangu. Amekubali kukosa nyumba." Akajifunga kitenge chake cha kutokea. "Vaa ndara, twende Kamenge."

Mnisamehe, lakini kwenda Kamenge wakati ule halikuwa jambo dogo kwangu. Kwa miaka kumi sikuwa nimevuka mto Ntahangwa. Daraja lilikuwapo siku zote, hakuna aliyelivunja, ila tulikuwa tumezoea kuliona kama mwisho wa dunia. Siku hiyo tulivuka kwa miguu, mimi nimemshika wifi yangu mkono kama mtoto, na upande wa pili nikakuta wanawake wanauza ndizi na dagaa kama kwetu, na mmoja wao akaniita kwa jina, tulisoma naye. Niliona haya, kisha nikaona raha, nikanunua dagaa bila kupanga.

Sylvère tulimkuta uani kwa binamu yake akipiga randa ubao. Alitukaribisha, akafuta benchi kwa mkono.

"Abdu alikulipa?" Mwantum akauliza hata kabla hajaketi.

"Mama Soumaya, marehemu alinitendea mema. Tuache hayo maneno."

"Sijauliza mema. Nimeuliza kama alikulipa."

Akapiga randa mara mbili, tatu. Maranda yakamwangukia miguuni. "Nakuuliza mbele ya Mungu," Mwantum akasema, na hapo akaweka randa chini.

"Apana," akasema. "Hakulipa kitu. Ni mi nilimwomba tuandike. Aliniambia, hii karatasi ni ya kuonyesha bashenzi, siku utarudi tutaipasua mi na we."

Mwantum akaketi. Alilia kidogo, kisha hasira ikamkuta. "Miaka ine! Nilikaa naye miaka ine ndani ya nyumba moja, na hakuniambia?"

Sylvère akatazama chini. "Nilimuuliza kama utajua. Akasema akikuambia we, mpaka batu wa kununua mikate batajua."

Nilidhani atamrukia. Badala yake akacheka, mpaka kitenge kikamlegea, na Sylvère naye akaanza kucheka, pole pole, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika zamani. "Hapo alisema kweli," Mwantum akasema, akijifuta macho. "Mungu amurehemu, hapo alisema kweli kabisa."

Kusema nyumba ni yako ni kazi ya asubuhi moja. Kuigawanya ndiyo kazi. Wapangaji wakapewa muda, mimi nikarudisha mabegi yangu mawili katika chumba kimoja na Soumaya, ambaye anakoroma. Irène, binti mrefu mwenye sauti ya mama yake, akachukua chumba chenye dirisha la maua. Nilimkabidhi ufunguo kwa uso wa tabasamu na tumbo la nyongo. Nyongo ilikaa kama mwezi hivi, halafu ikaondoka yenyewe, sijui siku gani.

Ikabaki ukuta. Shefu wa kartiye, yaani mkuu wa mtaa, alisema viwanja viwili lazima viwe na mpaka, ndiyo sheria. Fundi Ilias, mjenzi, akachimba kutafuta msingi wa zamani, akaufuata kutoka barabarani, jiwe baada ya jiwe, mpaka ukaingia chini ya tanuri na kutokea upande wa pili. Tanuri lilikuwa limekaa juu ya mpaka kama kuku juu ya mayai.

"Nivunje?" Ilias akauliza.

Kila mtu akamtazama Mwantum. Tanuri lile ndilo lililokuwa limemlisha yeye na binti zake tangu Abdu afe. Kulijenga lingine kulihitaji nafasi ambayo upande wetu haukuwa nayo, na miezi bila mikate.

"Vunja," akasema. "Matofali yenyewe ni ya ukuta. Nusu ni yake." Lakini alikuwa amegeuka, anaangalia barabara.

"Apana, musivunje," Sylvère akasema. "Ukuta uzunguke. Upite upande wangu, tanuri ibaki kwa Mama Soumaya."

Ungefikiri hapo mambo yamekwisha. Hujui watu wetu. Mwantum akakataa katakata kupewa udongo wa bure, akasema hakurudisha nyumba ili apewe zawadi ya ua. Sylvère akakataa kukubali tanuri livunjwe. Yeye akisema chukua, yule anasema sichukui. Shefu wa kartiye alikuja mara tatu, alikunywa chai zetu zote, na alisema Arusha walimaliza nchi nzima, sisi tunashindwa na mita mbili. Nikamwambia Arusha kila mmoja alikuwa anavuta kwake, ndiyo maana ilikuwa rahisi, wanajua namna ya kukata katikati. Hawa wawili kila mmoja alikuwa anasukuma kwa mwenzake.

Zilizomaliza ugomvi ni mbao. Sylvère alikuwa ameleta mbao mbichi za mikaratusi kwa kazi yake ya kwanza, vitanda viwili, na mvua zilikuwa hazikatiki. Akaziegemeza mgongoni mwa tanuri, upande wake, kwa sababu pale palikuwa pakavu. Baada ya siku chache akazishika, akazigonga kwa kidole, akaja kwa Mwantum na ubao mkononi.

"Moto wako unakausha mbao yangu kuliko jua," akasema.

"Basi na we unafaidi," Mwantum akasema, na nilimwona amepata alichokuwa anakitafuta. "Tanuri yenyewe iwe ukuta. Mudomo kwangu, mugongo kwako. Hakuna mwenye amempa mwenzake kitu."

Ilias akajenga ukuta kutoka barabarani mpaka ubavu wa kushoto wa tanuri, akasimamisha hapo, akaanza tena ubavu wa kulia mpaka nyuma ya viwanja. Hakuuinua sana. Irène alisimama upande wake akiwa na kikombe, akamwambia fundi basi, inatosha, kwa sababu mkono wake ulikuwa bado unafika upande wa pili.

Siku ya kuandika karatasi mpya tuliketi uani, chakula kimekwisha kuliwa, shefu wa kartiye na kalamu yake. Akaanza kuandika kwamba mjane wa Abdu anamuuzia tena Sylvère. Mwantum akamkatiza, akasema haiuzwi tena, haikuuzwa mara ya kwanza. Shefu akasema basi itabidi aandike kwamba ile ya 1995 ilikuwa karatasi ya uongo, na hilo si jina zuri kwa marehemu. Mwantum akainamisha kichwa, akawa anakunja na kukunjua pindo la kitenge chake.

Ni Sylvère aliyesema. Alisema kwa Kirundi kwanza, polepole, na shefu akaandika kwa Kifaransa, kisha akaniomba mimi niwafasirie wote.

Nikawasomea. Kwamba Abdu, fundi wa magari, mkazi wa Bwiza, aliitunza nyumba ya jirani yake Sylvère tangu mwezi wa Machi 1995 mpaka siku aliyokufa, na mke wake Mwantum akaitunza baada yake, na imerudi kwa mwenyewe ikiwa nzima.

Shefu akamwekea wino wa kidole. Mwantum hakuutazama wino.

"Houda," akasema, "rudia pale penye jina lake."

Nikarudia.

"Na penye langu."

Nikamsomea na hapo, na aliposema tena, nikamsomea tena.